Havui kofia hata akilala: maswali yenu kuhusu masikio yaliyochomoza

Mwezi huu zimekuja barua tatu za jambo moja, masikio, na wala sikupanga, zimejileta zenyewe. Mimi nimekuwa nesi wa tiyeta, chumba cha upasuaji, miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hivyo haya nayajua kwa macho yangu, sijahadithiwa. Naanza na barua iliyofika mwisho manake mwenye barua hiyo hana muda wa kungoja, nyinyi wengine mtanisamehe mngoje kidogo.

SWALI: Assalam aleikum Bi Nesi. Mke wangu amejifungua binti, leo ni siku ya kumi na moja, alhamdulillahi wote wazima. Sikio la kulia liko sawa ila la kushoto limekwenda mbele kama jani limepeperushwa na upepo. Mamangu asema tutalikanda na mafuta ya nazi, na likikataa tumpeleke kwa daktari arobaini ikiisha. Nikingoja kuna ubaya? (Baba Binti, Changamwe)

JIBU: Waaleikum salam mwanangu, hongereni sana. Nakuomba usingoje arobaini. Mtoto akizaliwa gegedu la sikio, ule mfupa laini unaokunjika ukiushika, huwa laini kuliko litakavyokuwa maisha yake yote kwa sababu bado ana homoni ya mamake mwilini, estrojeni, na hiyo hupungua haraka sana, ikifika wiki ya sita imerudi kiwango cha kawaida na gegedu nalo limeanza kukaza. Sasa piga hesabu mwenyewe, arobaini ni siku 40, wiki sita ni siku 42. Yaani mkimaliza arobaini yenu nafasi nayo inakwenda zake.

Kuna kitu madaktari wanafanya kwa watoto wachanga, wanaliweka sikio kwenye umbo lake kwa kichuma kidogo kilichofunikwa kikawa laini, halafu wanalishika na plasta, linakaa hivyo usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Hakuna kisu, hakuna sindano. Wakianza wiki mbili tatu za kwanza hufaulu vizuri, mtoto akifika miezi mitatu ni nadra kusaidia. Masikio mengine hujirudi yenyewe siku za mwanzo, ni kweli, lakini huyo ana siku kumi na moja na bado liko vile, kwa hivyo kesho asubuhi mtoe mtoto aonwe na daktari wa watoto na umwambie waziwazi wataka akuandikie barua ya kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa plastiki au wa masikio, pua na koo. Mama mzazi abaki ndani kama mila yenu ilivyo, mtoto anaweza kutoka na nyanya yake. Mafuta ya nazi hayadhuru, ila msijaribu kutengeneza hicho kichuma wenyewe kwa waya na plasta ya dukani, ngozi ya mtoto huchubuka na kuoza upesi.

SWALI: Bi Nesi shikamoo. Nina kijana wa miaka minane, mtoto mzuri ana akili, lakini masikio yake yamesimama nje yote mawili. Skuli wanamuita Dishi, chuoni, yaani madrasa, wanamuita Ndovu, na sasa havui kofia, akienda kuoga aivua mlangoni na akitoka aivaa kabla hajajifuta maji, usiku alala nayo. Juzi mwalimu alimvua darasani kwa nguvu, akarudi nyumbani asile kitu mpaka asubuhi. Nyanya yake amekuwa akimfunga leso kichwani usiku karibu mwaka mzima, hakuna kitu. Babake asema ni umbo la Mungu, kulibadilisha ni haramu, na mimi namdekeza. Wifi yangu yuko Leicester asema nimpeleke huko Uingereza atapasuliwa bure. Jirani naye kanitumia video ya gundi za kubandika masikio. Sijui nifuate la nani na kusema kweli naogopa kisu. Hawezi kuharibika kusikia? (Mama Kijana, Kisauni)

JIBU: Marahaba mamangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nyanya kasema, baba kasema, wifi kasema, jirani kasema, hata mwalimu yumo, lakini mwenye masikio yake sijaona popote amesema nini. Ushamuuliza? Najua wamuona akilia lakini kulia kwa sababu umeitwa Ndovu si kusema nataka nipasuliwe, hayo ni mambo mawili na usiyachanganye.

Nakwambia hivi kwa sababu ya kijana mmoja nilimuona nikiwa bado kazini. Aliletwa na babake ana miaka tisa, kila kitu tayari, pesa zishalipwa, daktari akampigia magoti akamuuliza wewe mwenyewe wataka nini, kijana akasema nataka kwenda nyumbani. Daktari akamrudisha nyumbani, na baba akakasirika sana siku ile. Basi yule kijana alirudi akiwa na miaka kumi na minne, akaeleza mwenyewe anataka nini na kwa nini, akavumilia bandeji bila neno, na siku ya kufunguliwa aliomba kioo akakaa nacho mkononi muda mrefu. Mtoto aliyetaka mwenyewe hutunza kidonda chake, hagusi, haondoi kile kitambaa cha kubana masikio usiku. Asiyetaka hukivua ukimpa kisogo tu, na hapo mshono wa ndani unaachia sikio linarudi lilikotoka. Kwa hivyo muulize, msiwe mbele za watu, muwe wawili tu njiani, muulize bila kumtajia jibu. Akisema hapana au sijui, subiri, hakuna kinachoharibika kwa kusubiri, hii kazi hufanyiwa mpaka watu wazima. Akisema ndiyo na akarudia kusema ndiyo wiki ijayo na mwezi ujao, basi si mtoto wa kudekezwa huyo, ana shida ya kweli na msimchukulie kama anataka urembo.

Tena hayo ya kuchekwa hayakuanza na mwanao. Mwaka 1881 kule New York daktari mmoja, Edward Ely, aliandika jinsi alivyompasua mvulana wa miaka 12 masikio yaliyochomoza, na sababu aliyoitaja ni kuwa wenzake walikuwa wakimcheka. Miaka zaidi ya 140 iliyopita, maneno yaleyale ya Kisauni.

Sasa nikueleze lenyewe ni nini. Shika rula upime kutoka ukingo wa juu wa sikio mpaka mfupa wa kichwa ulio nyuma yake. Kawaida ni milimita 15 hadi 20, ikizidi 20 ndiyo madaktari husema limechomoza. Sababu ni mbili na mara nyingine zote ziko pamoja. Kuna mkunjo ndani ya sikio, uguse wako utausikia, unaopanda kufuata ukingo, huo ndio hulivuta sikio lilale kwa nyuma, kwa wengine haukujikunja vizuri tumboni. Au lile bakuli la katikati limekuwa na kina kirefu linasukuma sikio lote nje. Mara nyingi ni ya kurithi, tafuta picha za zamani za akina babu pande zote mbili utamuona mwenyewe. Hukumlaza vibaya, hukumvuta, usijilaumu.

Kusikia hakuguswi. Kazi yote iko kwenye sikio la nje, daktari hata hakaribii ngoma ya sikio. Hukata nyuma, pale sikio linapokutana na kichwa ambapo kovu halionekani, halafu gegedu hulainishwa kwa kukwaruzwa au hukunjwa kwa nyuzi za ndani zinazoshikilia ule mkunjo, njia ya nyuzi ilitangazwa mwaka 1963 na daktari wa Scotland aitwaye Mustardé, na mwaka 1968 Furnas wa Marekani akaonyesha jinsi ya kulivuta bakuli nyuma kwa nyuzi. Zote mbili zatumika mpaka leo. Ni saa moja hadi mbili hivi. Mtoto wa umri wake hupewa nusukaputi alale kabisa, mtu mzima anaweza kuchomwa sindano ya ganzi tu. Umri wake haujachelewa wala si mapema, wengi hungoja mtoto afike miaka mitano au sita manake kabla ya hapo gegedu ni laini mno nyuzi hukata, na baada ya hapo sikio limeshakaribia ukubwa wake wa utu uzima.

Leso ya nyanya mwambieni kwa heshima apumzike, gegedu la miaka minane limeshakaza, halisikii kitambaa. Gundi sitaki hata kuisikia. Gundi kali huchoma ngozi na siku ya kuibandua huondoka na ngozi, nyuma ya sikio ni pahali pa jasho na joto hili letu kidonda hakipoi. Hata ikishika, ikitoka sikio liko palepale.

Babake msimbeze. Swali lake ni la mtu anayeogopa Mungu na ana haki ya kujibiwa, lakini ajibiwe na mwenye elimu, si mimi nesi. Nitakachosema ni kuwa maulamaa wamelizungumza sana, wanatofautisha kubadilisha umbo kwa urembo tupu na kuondoa ila inayomdhuru mtu. Wanaitaja hadithi ya Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, akavaa pua ya fedha ikatoa harufu mbaya, Mtume akamruhusu avae ya dhahabu. Na mwaka 2007 baraza la kimataifa la fiqhi lilikutana Putrajaya, Malaysia, likaliangalia hili la upasuaji wa urembo na likakubali kurekebisha kasoro za kuzaliwa nazo zinazomuumiza mtu mwilini au moyoni. Kama masikio ya mwanao yaingia hapo au hayaingii, babake aende kwa sheikh anayemuamini, na amchukue mtoto sheikh amuone, asiende kuuliza kwa maneno tu.

La wifi wa Leicester, ananuia mema lakini hakuna bure huko. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, kwa kawaida hailipii masikio, na hospitali za binafsi kule huwa ni kama pauni 2,500 mpaka 3,500, uongeze viza na ndege. Na kubwa kuliko pesa, matatizo yakitokea hutokea baadaye, uzi huweza kuchomoza baada ya miezi, sikio moja huweza kulegea, wewe utakuwa umesharudi Kisauni na aliyepasua yuko ng'ambo. Kenya tuna mabingwa wa upasuaji wa plastiki. Tena watu wakisikia plastiki wanafikiria mastaa, lakini Amref hii ya madaktari wa ndege mwaka 1957 ilianzishwa na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote watatu wa plastiki, wameshona mdomo sungura na majeraha ya moto vijijini. Jina la daktari yeyote utakayeambiwa litafute kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, iko kwenye mtandao na haina malipo kuangalia, uone kama yumo na ubingwa wake ni upi. Usikubali chumba cha saluni au spa. Bei omba kwa maandishi na iwe imevunjwavunjwa, ya daktari, ya nusukaputi, ya tiyeta, ya kitanda, na kliniki za kurudi kama zimo au utalipa kila ukienda, hapo ndipo watu hushtuka. Bima nyingi huhesabu hii ni urembo, usidhani, uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, na bima yenu kabla na wakujibu kwa karatasi.

Mkifika huko kote na kijana bado asema ndiyo, nakushauri likizo ya Agosti. Ile ya Desemba ni ndefu ndiyo lakini kaskazi imeingia, kichwa kimezungushwa bandeji na joto la Mombasa, mtoto atawashwa mpaka alie. Agosti kusi bado yavuma. Bandeji hukaa siku chache mpaka wiki moja au zaidi kidogo kulingana na daktari, baadaye kitambaa cha kubana cha usiku kwa wiki nne mpaka sita, hapo ile leso ya nyanya yaweza kupata kazi kama daktari atakubali. Alalie mito miwili mitatu kichwa kiwe juu, asilalie ubavu. Udhu na sajda siku za mwanzo mwambieni ustadhi awape njia yake, kupaka maji juu ya bandeji ni jambo linalojulikana. Mpira na kupiga mbizi wiki sita hakuna, na mtoto wa Kisauni najua ufuo uko hapo tu, mfiche hata nguo za kuogelea.

Na hili nataka ulishike kuliko yote niliyoandika. Maumivu ya kawaida huwa ya pande zote mbili na kila siku hupungua. Ikiwa siku ya kwanza au ya pili sikio moja laanza kuuma kuliko mwenzake na laongezeka, dawa haisaidii, mtoto hakai, hiyo yaweza kuwa damu imekusanyika chini ya ngozi, na damu ikikaa pale gegedu hukosa chakula na sikio huharibika umbo. Usingoje asubuhi, usiongeze panadol, hata kama ni saa nane za usiku chukua tuktuk mrudi hospitali bandeji ifunguliwe. Baada ya siku hizo ukiona joto jingi, harufu au usaha, rudi vilevile. Ganzi ganzi kwenye masikio kwa wiki au miezi isikutishe, huondoka. Na msitarajie yafanane sawasawa, hakuna mtu ambaye masikio yake mawili ni sawasawa, angalia yako.

Kabla ya yote hayo lakini, Jumatatu nenda skuli. Yule mwalimu uongee naye kwa utulivu, umwambie usiku ule mtoto alilala njaa. Kisha nenda chuoni. Upasuaji ukifanyika ni Agosti, hayo majina anaitwa leo.

SWALI: Bi Nesi mambo? Naolewa mfungo tatu, zimebaki wiki tisa. Masikio yangu yamechomoza kiasi, siku zote niko na mtandio hayaonekani, lakini usiku wa kupambwa mpambaji asema nywele zote ni juu, na rafiki yangu anasisitiza nirekebishe kabisa kabla ya picha. Kitu kingine, nilitoboa tundu la pili kwenye ndewe mwaka juzi pakaota kinyama kigumu kama mbaazi, chawasha. Nitapona kabla ya siku? (Bi Harusi, Likoni)

JIBU: Poa mwanangu, na hongera. Usifanye sasa, na sababu ni hiyo mbaazi. Hicho kinyama ni kovu lililokataa kusimama, madaktari huliita keloidi, huendelea kukua kupita kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi ndio hutupata zaidi, hasa umri wa miaka 10 mpaka 30, na sikio ni mojawapo ya sehemu inazozipenda. Kama tundu la sindano limekuotea hivyo, fikiria mkato wa sentimita kadhaa nyuma ya kila sikio. Na haionekani mara moja, huanza miezi baadaye, utakuwa ushaolewa, umeshamsahau mpambaji, na nyuma ya masikio kunajaa. Sisemi kamwe usifanye, wapo wenye keloidi waliofanyiwa wakafuatiliwa kwa karibu, lakini hiyo ni safari ya mwaka na zaidi, ya kuzungumza na bingwa pole pole, haiingii kwenye wiki tisa.

Hata bila keloidi ningekukataza. Wiki sita za kitambaa cha usiku, uvimbe haujaisha, ngozi haina hisia, halafu uning'inize herini nzito za dhahabu na watu mia wakukumbatie?

Na nimemuuliza mama wa Kisauni, nakuuliza na wewe, nani anayetaka? Maana nimesoma mpambaji na rafiki. Wewe miaka yote umeishi nayo hujaniandikia, umeandika baada ya mtu kutaja picha. Keti na hilo peke yako bila rafiki, na likibaki ni lako mwenyewe baada ya harusi, niandikie tena tutafute daktari.

Mpambaji mwambie nywele zishuke pembeni zifunike nusu ya sikio, na asumini aziteremshe nyuzi mbili kila upande badala ya kuziweka kisogoni tu, nimeona bi harusi wengi wa Mji wa Kale wamepambwa hivyo na hupendeza mno. Hiyo mbaazi ndiyo ya kushughulikia. Usiikate wala usimruhusu mtu aikate hivi hivi, ikikatwa bila dawa nyingine mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Nenda kwa daktari wa ngozi, huchoma sindano ya steroidi ndani ya kovu lenyewe, yauma kwa muda mfupi, na hurudiwa kila wiki nne mpaka sita mpaka lilale. Ukienda wiki hii utapata ya pili kabla ya harusi, na muwasho huo wa usiku kwa wengi ndio hutangulia kupungua.